Labridi wangu ametoweka mchangani: nimchimbue au nimsubiri?

SWALI: Mwalimu, hujambo? Ninaishi Nyali, Mombasa, na nina tangi la maji ya chumvi la lita 240 lililotimiza miezi minne. Ndani mna Amphiprion wawili (samaki wa anemoni), kamba mmoja msafishaji na mawe. Chini nimetandaza vipande vya matumbawe, unene wa vidole viwili hivi. Jumamosi nilinunua samaki mmoja wa jamii ya labridi: mgongo rangi ya chungwa wenye madoa meupe, tumbo jeusi lenye mabaka. Nilipomwachia tu akazama chini, na leo ni Jumanne sijamwona tena. Mume wangu anataka tutoe mawe yote tumtafute. Je, amekufa? Nilikuwa nimepanga kumwongezea wenzake wawili: yule mwembamba mwenye mstari mweusi anayesafisha samaki wengine, na mdogo mmoja mwekundu mwenye madoa meupe makubwa niliyemwona kwa muuzaji yule yule. Nifanyeje?

JIBU: Dada yangu, mwambie shemeji aache mawe mahali pake. Kwa jinsi ulivyomweleza, samaki wako anaelekea kuwa jike wa Macropharyngodon bipartitus, mwenyeji wa bahari hii hii iliyo mbele ya nyumba yenu, na kuzama chini mara tu anapoachiwa ni desturi ya jamii yake. Siku tatu bado ni chache. Samaki aliyetolewa baharini, akakaa kwenye tangi la muuzaji, kisha akatiwa mfukoni na kupakiwa garini, anaweza kujifukia wiki nzima kabla ya kutoa kichwa, na wapo wanaokaribia wiki mbili. Ukimchimbua sasa utamwongezea hofu juu ya hofu aliyonayo. Atazama tena pengine, na siku za kungoja zitaanza kuhesabiwa upya.

Ila kwanza hakikisha kwamba yumo. Labridi ni hodari wa kuruka, na aliyeruka hasikiki. Angalia sakafuni nyuma ya tangi, chini ya kabati, ndani ya chujio, na pale maji yanapomwagikia kwenda kwenye pampu. Kama hayupo huko, pima amonia leo, kesho na keshokutwa. Samaki wa sentimita saba au nane akioza ndani ya lita 240 mara nyingi huacha dalili: amonia inapanda, maji yanabadilika harufu, na kamba wako atang'ang'ania pembe moja akichokora huko kutwa. Amonia ikiwa sifuri na kamba akiendelea na shughuli zake za kila siku, subiri. Washa taa na uizime saa zile zile kila siku. Asubuhi tia chakula kidogo karibu na pale alipozamia, kisha ondoka mbele ya kioo. Wengi hutoka wakati hakuna mtu anayewachungulia, na huenda ameshatoka mara moja mbili ulipokuwa jikoni.

Sasa tuzungumze kwa nini amefanya hivyo, maana jibu la maswali yako mengine limo humo humo.

Labridi, yaani samaki wa familia ya Labridae, ni zaidi ya aina 500, kuanzia wa urefu wa kidole hadi Cheilinus undulatus, yule Napoleoni anayepita mita mbili. Pono nao ni ndugu zao wa karibu mno, kiasi kwamba wataalamu wengi siku hizi wanawaingiza katika familia hiyo moja. Waswahili tunaposema mtu amelala usingizi wa pono tunajua tunachosema: samaki hawa hulala kwelikweli. Giza likikaribia hawabaki wakielea na kuyumba majini, bali kila mmoja hutafuta mahali pa kulala, na mahali penyewe ni pa namna mbili. Kuna wanaojifukia mchangani: Macropharyngodon kama wako, Halichoeres, Coris, Anampses. Na kuna wanaojibana kwenye nyufa za mawe, kama Pseudocheilinus na Cirrhilabrus, ambao wengi wao hujizungushia ute mwembamba usiku kucha. Ute huo kwa samaki ni kama chandarua kwetu. Kwa pono imethibitishwa kwamba unamkinga na vimelea vidogo vinyonyavyo damu ambavyo hutoka usiku.

Kwa hiyo mtu anayetaka kufuga labridi aulize kwanza: huyu analala wapi? Wauzaji watakueleza rangi na bei, na wakiwa wema watakueleza na chakula. Mahali pa kulala hawapataji, na hapo ndipo samaki wengi wanapopotea. Wa mchangani akikosa mchanga hujigonga vioo usiku kucha. Baada ya siku kadhaa pua imechubuka, chakula hataki, na kifo chake kinaitwa ugonjwa wakati ugonjwa wenyewe ni kukosa pa kulala. Wa mawe naye akiwekwa kwenye tangi lenye jiwe moja la mapambo katikati hukaa na wasiwasi kutwa.

Wako ni wa mchangani, na ulichomtandikia hakimfai. Samahani kwa kusema wazi, ila ndicho kitu cha kwanza cha kurekebisha. Labridi hazami polepole. Anageuka ubavu kidogo, anaelekeza kichwa chini, na kwa pigo moja la mkia ameshapotea. Vipande vya matumbawe vina kona kali. Kila anapoingia vinamkwaruza mdomo na ubavu, na mikwaruzo hiyo huingiwa na bakteria. Anahitaji mchanga laini, chembe zisizozidi milimita moja hivi, na kina cha sentimita tano hadi nane. Vidole viwili havimtoshi hata mgongo kufunikwa vizuri, ndiyo maana nadhani amejisukuma chini ya jiwe.

Usivunje tangi kwa ajili ya hilo. Chukua bakuli la plastiki la kuwekea chakula, lenye kina cha sentimita kumi na upana wa kutosha samaki kugeuka, lisilowahi kuwekewa sabuni wala mafuta. Lijaze mchanga laini uliooshwa hadi maji ya kuoshea yatoke safi, kisha literemshe polepole kwenye pembe ambayo mkondo wa pampu haufiki kwa nguvu. Weka mawe mawili madogo pembeni ili apande na kushuka. Atakapotoka, ataligundua mwenyewe, na jioni utamwona akilizunguka kabla ya kuzama. Baadaye, akishazoea na kula, ndipo uondoe vile vipande vya matumbawe: robo moja kila wiki, kwa mpira wa kunyonyea, wakati wa kubadilisha maji. Ukiviondoa vyote kwa siku moja utakuwa umetupa sehemu kubwa ya bakteria wanaokusafishia amonia. Mchanga mpya umiminie kwenye bomba la plastiki linalofika chini, ili usichafue maji yote.

Kabla ya kuongeza kina cha mchanga, tazama mawe yako yamekaa juu ya nini. Yanatakiwa kukaa juu ya kioo cha chini chenyewe, si juu ya mchanga. Samaki anayechimba kila jioni chini ya jiwe lililoegemea mchanga mwisho huliangusha, na jiwe la kilo nne likiangukia kioo, hasara haitakuwa ya samaki peke yake. Sababu nyingine ya kutochimbua ovyo ni kwamba chini ya takataka zilizolala muda mrefu bila hewa hutengenezwa gesi yenye harufu ya mayai viza, nayo ni sumu kwa samaki.

Na mchanga huo usiuchukue ufukweni. Bahari ya mbele ya Nyali na Bamburi imo katika hifadhi ya bahari ya Mombasa iliyotangazwa mwaka 1986, na hifadhini hakuokotwi tumbawe, kombe wala mchanga. Nunua dukani mchanga wa aragonaiti, yaani wa chokaa. Kwa tangi lako hautakuwa mzigo mkubwa, na utajua hauna mafuta ya boti wala vipande vya plastiki.

Jambo la mfuniko halingojei wiki ijayo, lifanye leo usiku. Labridi wa mchangani akishtuka hukimbilia chini, lakini akishtuka akiwa mbali na mchanga wake hukimbilia juu, na anaweza kupenya tundu usilolidhania: pale nyaya za pampu zinapopita, au upenyo wa kona nyuma ya chujio. Mombasa sikushauri mfuniko wa kioo kizima. Unazuia joto kutoka, na tangi letu hapa tatizo lake ni joto wala si baridi. Tengeneza fremu nyepesi ya alumini, kama ile ya madirisha ya kuzuia mbu, uivike wavu mweupe wa matundu ya milimita sita au chini ya hapo. Hewa inapita, maji yanavukiza na kupoa, samaki anabaki ndani. Maji yanayopotea kwa kuvukiza yajazie kwa maji baridi yaliyochujwa, si ya chumvi, kwa kuwa chumvi haivukizi. Uzito wa maji ya tangi ukilinganishwa na maji yasiyo na chumvi ushike kwenye 1.025 na joto kati ya nyuzi 25 na 27. Stima ikipotea, pampu ndogo ya hewa ya betri inatosha kuwavusha saa kadhaa.

Hukusema maji unayapata wapi. Kama unateka baharini, kama wafanyavyo wengi wa pwani, teka maji yakiwa yamejaa, mahali palipo wazi, mbali na vijito na mkondo wa Tudor, na usiteke kabisa siku za masika baada ya mvua kubwa, wakati maji ya mitaro yote ya mji yanaishia baharini. Yachuje kwa kitambaa kizito, yaweke gizani siku kadhaa yakipigwa hewa, pima chumvi, ndipo uyatumie.

Sasa chakula, na hapa naomba unisikilize vizuri, maana Macropharyngodon wengi huponea mchanga wakafia tumbo. Baharini samaki huyu hashibi kwa mlo mmoja. Kutwa nzima anapita juu ya mawe na mchanga, jicho moja huku na jingine kule, anadonoa vijidudu ambavyo wewe kwa macho utaviona kama vumbi: kopepodi, vikonokono, viumbe vidogo vyenye magamba ya chokaa. Donoo moja, hatua moja, donoo jingine. Tumbo lake limeumbwa kwa mtindo huo. Tangi la miezi minne bado ni changa kwake. Mawe hayajajaa vijidudu vya kutosha. Muuzaji alipaswa kukuuliza umri wa tangi lako kabla ya kukupa samaki huyu. Mimi humwambia mtu asubiri angalau miezi sita hadi minane, hadi usiku akimulika kioo kwa tochi aone vidoa vyeupe vinavyorukaruka kila mahali.

Lakini umeshamnunua, basi tumsaidie. Akitoka, siku ya kwanza usimpe chakula cha vidonge wala cha magamba makavu. Huenda hatakitambua kuwa ni chakula. Mpe artemia (vikamba vidogo sana vya maji ya chumvi) hai waliototolewa, au wakubwa kidogo, ambao mwendo wao unamwamsha hamu. Mayai ya samaki yaliyogandishwa pia hupendwa sana, kwa kuwa ni madogo na yana mafuta. Anapokula hivyo kwa moyo, changanya kidogo kidogo misisi (vijidudu mfano wa kamba) waliogandishwa na nyama ya kamba iliyosagwa laini. Uduvi wa sokoni usimpe. Umekaushwa kwa chumvi na mchanga wa barabarani, na ni mgumu kwa mdomo wake mdogo. Mlishe mara tatu au nne kwa siku, kiasi kinachomalizika dakika mbili. Unaogopa uchafu wa maji? Unaogopa kwa haki, basi badilisha asilimia 10 ya maji kila wiki na usafishe chujio mara kwa mara, badala ya kumpunguzia chakula.

Mtazame ubavuni kila asubuhi anapopita karibu na kioo. Mstari wa tumbo kutoka kifuani hadi kwenye pezi la chini unatakiwa uwe umejaa kidogo au umenyooka. Ukiona umeingia ndani, kama pamebonyezwa kwa kidole, na mgongo nyuma ya kichwa umechongoka, basi anakonda, hata kama unamwona akidonoa kutwa. Akila vizuri na bado akakonda, shuku minyoo ya tumboni, ambayo samaki wa jamii hii waliovuliwa baharini huwa nayo mara nyingi. Dawa yake ni prazikwanteli, ile ile wanayopewa watu wenye kichocho, lakini nunua iliyotengenezwa kwa ajili ya samaki na ufuate kipimo chake. Vidonge vya hospitali vimechanganywa na vitu vingine, na si rahisi kuvipima kwa lita. Ukitia dawa, ongeza hewa majini.

Nimekaa sana kwa huyu mmoja kwa sababu yuko ndani ya tangi tayari. Wale wawili unaowataka, jibu langu ni fupi: hapana kwa wote, kwa sababu mbili tofauti.

Yule mwembamba mwenye mstari mweusi ni Labroides dimidiatus, msafishaji. Najua anavyovutia. Ana akili ya ajabu: mwaka 2019 watafiti huko Japani walichapisha jaribio ambamo samaki hawa walitiwa alama kooni, na walipojiona kwenye kioo wakaenda kujisugua koo chini, jambo ambalo tulizoea kulisikia kwa sokwe na tembo. Wanasayansi wanabishana bado juu ya maana yake. Lakini chakula chake ndicho kinachomkosesha nafasi nyumbani kwako. Kwenye matumbawe ya Australia ilihesabiwa kwamba mmoja hukagua samaki zaidi ya 2,000 kwa siku na kula vimelea 1,200 hivi. Wewe una Amphiprion wawili. Atawasafisha hadi wawe wanajificha wakimwona, atawadonoa ute badala ya vimelea, kisha atakonda. Wapo waliofaulu kumzoesha chakula kilichogandishwa kwenye matangi makubwa yenye samaki wengi. Kwa lita 240 si haki kumjaribu. Tena huko anakotoka anahitajika. Mawe ya matumbawe yaliyoondolewa wasafishaji kwa miaka minane na nusu katika utafiti wa huko huko Australia yalionekana kuwa na samaki wakaazi pungufu kwa zaidi ya theluthi. Kamba wako msafishaji anakutosha kwa kazi hiyo, naye anakula chochote.

Yule mdogo mwekundu mwenye madoa meupe makubwa ni mtoto wa Coris, ama Coris cuvieri ama Coris formosa, wote wa bahari yetu. Madoa yale yenye ukingo mweusi juu ya rangi ya moto ni mavazi ya utotoni. Akikua anabadilika kabisa, na anakua kweli: formosa anafika sentimita 60. Yule uliyemwona ana urefu wa kidole kwa sababu amevuliwa akiwa bado mtoto. Baada ya mwaka mmoja au miwili utakuwa na samaki anayepindua mawe, anayekula kamba wako na konokono wako, na asiye na nafasi ya kugeuka. Sikiliza, kwa sababu hiyo hiyo usishawishiwe na Thalassoma lunare, wa kijani na buluu mwenye mkia wa hilali. Ni mzuri, ni mgumu wa kufa, lakini hufika sentimita 25 na hana urafiki na mdogo yeyote. Napoleoni sitamzungumzia zaidi ya kusema kwamba tangu 2004 biashara yake ya kimataifa iko chini ya udhibiti wa mkataba wa CITES, na hana nafasi katika tangi la nyumbani.

Ukitaka mwenzake anayekufaa kweli, mtafute Halichoeres iridis. Naye ni wa kwetu, kuanzia Bahari ya Shamu hadi Afrika Kusini. Haendi mbali zaidi ya sentimita 12 hivi, kichwa chake ni cha rangi ya chungwa chenye michirizi, na mwili wa zambarau iliyokolea ambayo taa ya asubuhi huifanya ing'ae. Analala mchangani kama wako, kwa hiyo kitanda kimoja kinawatosha, na anakula kwa urahisi zaidi; mara nyingi mwoga humfuata mwenzake mlaji na kujifunza kwake. Atakuokotea pia minyoo bapa na vikonokono vinyonyaji. Halichoeres cosmetus naye si mbaya. Kwa wanaolala kwenye mawe, Cirrhilabrus exquisitus ndiye chaguo langu, mradi hakuvuliwa kwa pupa kutoka kilindini. Akipandishwa haraka kibofu cha hewa hutanuka, na utamwona akiogelea kichwa chini bila kutulia. Usimnunue huyo hata kwa bei ya kutupa. Ndugu yake, Cirrhilabrus wakanda, alitambulishwa kwa sayansi mwaka 2019 kutokana na samaki waliopatikana Zanzibar, kina cha zaidi ya mita 50. Ninalitaja kwa furaha tu, kwamba bahari tunayoogelea kila Jumapili bado ina samaki wa zambarau ambao vitabu havikuwa navyo.

Pseudocheilinus hexataenia, mdogo mwenye mistari sita, utauziwa kama samaki rahisi, na ni rahisi kweli. Analala kwenye mawe, haugui ovyo, anakula kila kitu. Ila akishajimilikisha tangi atamfukuza kila labridi anayeingia baada yake hadi afe njaa. Kama unamtaka, awe wa mwisho kabisa kuingia, na mimi katika tangi lenye Macropharyngodon nisingemtia.

Kuna jambo la jinsia ambalo linaweza kukusaidia. Labridi wa namna hizi huanza maisha wakiwa majike, na mkubwa kati yao ndiye hugeuka dume. Kwa hiyo usitafute dume na jike. Baadaye, tangi likikomaa, nunua jike mwingine wa Macropharyngodon mdogo kuliko wako. Watapangana wenyewe, na huenda huyu wako akageuka, rangi ya chungwa ikaacha nafasi kwa wavu wa kijani na wekundu. Madume wawili wa aina moja katika lita 240 watapigana.

Yeyote utakayemnunua apite kwanza karantini ya wiki nne katika tangi dogo, nalo liwe na bakuli la mchanga kwa wale wa mchangani. Watu wengi huacha tangi la karantini likiwa tupu chini ili liwe rahisi kusafisha, na labridi huumia humo kuliko alivyoumia safarini. Kama utatumia dawa ya shaba kwa ugonjwa wa madoa meupe, mchanga wa bakuli hilo uwe wa silika. Ule wa matumbawe hunyonya shaba na kuvuruga kipimo chote. Macropharyngodon ni dhaifu kwa shaba, usimtilie kwa kubahatisha.

Wasomaji wetu walioko Marekani waongeze jambo moja hapa. Samaki anayefika kwenu kutoka Mombasa bado anafuata jua la Mombasa. Atazama mchangani mchana wenu na kuamka usiku wenu kwa siku kadhaa, na taa ikimulika kwa ratiba ileile kila siku atajirekebisha mwenyewe.

Siku ya kununua, mtazame mdomo kabla ya rangi. Labridi wa mchangani akiwa ndani ya mfuko hujaribu kuzama na kuligonga plastiki kwa pua mara nyingi, kwa hiyo midomo iliyovimba, iliyopinda au yenye weupe ni alama kwamba safari ilimuumiza, na asiyeweza kudonoa hataishi. Angalia mgongo uwe umenyooka na tumbo lisiwe limebonyea. Muulize muuzaji kavuliwa lini na kwa wavu gani, na kama ana leseni ya biashara hiyo. Kisha mwombe amtilie chakula ukiwa umesimama hapo hapo. Akidonoa na kumeza, mbebe nyumbani kwenye mfuko uliofunikwa gizani. Akikitazama chakula kikipita, au muuzaji akikwambia ameshawalisha asubuhi, mwachie, uende tena baada ya siku tatu nne ukamtazame akila.